Siku Nne Mombasa na Mama Msukaji wa Viondo

Ijumaa

Mama amesuka viondo tangu utotoni, na hadi Ijumaa hii hakuwa ameiona bahari kwa macho yake. Kazi ya mikono yake ndiyo iliyotangulia kufika Mombasa. Wanunuzi huja mji wa Wote, kwetu Makueni, siku ya soko, hufunga viondo kwenye magunia, hulipa, huondoka, na habari inaishia hapo. Mwezi wa Julai nilimwambia, "Mama, twende tukaone vinakokwenda." Hakunijibu papo hapo. Alimaliza mstari aliokuwa akiusuka, ndipo akauliza ni nani atakayemchungia mbuzi kwa siku nne. Nikajua amekubali.

Mimi nilipanda treni Syokimau saa mbili asubuhi, ile ya vituo vingi inayosimama Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani kabla ya kufika mwisho wake Miritini. Mama aliingilia Emali, kabla ya saa nne. Alikuwa na begi moja, chapati zilizofungwa kwa kitambaa, na kiondo kisichokamilika, nyuzi zake za mkonge zikining'inia pande zote. Alikaa dirishani, akauliza choo kiko wapi, kisha akaanza kusuka. Mtoto wa kiti cha mbele aligeuka kumtazama mpaka mamake akamrudisha akae vizuri.

Kutoka Kibwezi kwenda Mtito Andei ndipo mibuyu inapoanza kujitokeza. Mwezi wa Agosti imepukutisha majani, imesimama tupu kwenye udongo mwekundu, na matunda machache yananing'inia. Kwetu, kwa Kikamba, mti huu unaitwa mwamba. Nilipoanza shule nilishangaa kusikia kwamba kwa Kiswahili mwamba ni jiwe, lakini ukiuona shina lake hutaona ajabu. Mama alinyoosha kidole: "Ule pale umewahi kuchunwa." Kweli, kiasi cha urefu wa mtu kutoka chini gome lilikuwa na rangi nyingine, limefunga kama kidonda kilichopona. Mbuyu ukichunwa gome haufi, huliotesha tena. Bibi yangu, mzaa mama, alitumia nyuzi hizo kabla mkonge haujaenea. Gome lilipondwa, likalowekwa, likachanwa, likasokotwa pajani. Mama anakumbuka alama nyekundu kwenye paja la mamake msimu wa kusokota. Anasema kiondo cha gome hakiozi upesi, na kikilowa kinabana kiasi kwamba unga haupenyi.

Ndovu wa Tsavo tuliwaona mara moja tu, watano, wekundu kwa vumbi. Abiria wote walihamia upande mmoja wa behewa. Mama aliinua macho, akawatazama vizuri, akarudi kwenye mstari wake.

Miritini tulifika karibu saa nane. Ukishuka, joto linakuja na unyevu wake, tofauti kabisa na jua kavu la Makueni. Matatu ikatupitisha Changamwe, tukavuka Makupa, na hapo ndipo mama alipoona maji kwa mara ya kwanza, kijipande tu kati ya makontena na mikoko. "Ndiyo hii?" akauliza. Nikamwambia bado.

Chumba tulikipata nyumba ya wageni karibu na Mwembe Tayari, safi, feni inafanya kazi. Jioni nikampeleka Mama Ngina, ufuoni, ambako watu wa Mombasa wenyewe huenda kupunga upepo. Upepo wa kusi ulikuwa mkali, mawimbi yanapiga miamba chini na kurusha povu. Mama alisimama kwenye ukuta, leso yake ameikaza mabegani, akatazama kwa muda mrefu bila kusema. Meli ya mizigo ikaja kuingia mlango wa bandari ya Kilindini. Pale mlango ni mwembamba, meli inapita karibu nawe kama jengo linalotembea, na watu walio sitahani unawaona wakipunga mikono. Mama akawapungia. Sijui kwa nini jambo hilo ndilo lililonitia machozi.

Halafu akageuka, akaona mibuyu. Kumbe ufuo wote ule umejaa mibuyu mikubwa, mizee, iliyokuwapo kabla ya barabara na kabla ya viti vya saruji. Aliiendea bahari kwa tahadhari, lakini mibuyu aliiendea mbio. Akapapasa gome la mmoja, akazunguka shina lote, akasema, "Huu haujachunwa hata siku moja. Watu wa huku wana kamba zao." Kamba zao ni za kumbi za minazi, nikamwambia, na muuza madafu aliyekuwa karibu akaongeza, "Na ukindu, mama, majani ya mkindu. Nenda Mji wa Kale, utaona." Akatufungulia madafu mawili, tukanywa, akayapasua na kukata kijiko kwenye ganda lake ili tukombe nyama. Mihogo ya kukaanga na pilipili na ndimu tulikula tukiwa tumekaa mkekani hadi saa mbili usiku. Mkeka ulikuwa wa plastiki. Mama aliugeuza upande wa chini, akautazama, akauacha.

Jumamosi

Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi. Siandiki zaidi, aliyekula anajua, na asiyekula aje.

Siku hii niliipanga kwa ajili ya Changamwe, kwenye kijiji cha wachongaji, barabara ya Port Reitz, njia ya kwenda uwanja wa ndege. Chama cha ushirika cha wachongaji Wakamba kilichoko pale kilianzishwa 1963. Mtu akisikia "soko la sanaa Mombasa" hufikiri vibanda vya karibu na Fort Jesus, na vibanda hivyo vina uzuri wake, lakini anayetaka kuona kazi inavyozaliwa aende Changamwe kwanza. Kijiji tulikisikia kabla ya kukiona, maana tezo nyingi zinagonga kwa pamoja chini ya mabanda ya makuti na mabati. Harufu ni ya mbao mbichi na vumbi la msasa.

Mama alisalimia kwa Kikamba, na banda zima likaitika. Baada ya dakika kumi tulikuwa tumekaa kwenye magogo, wamemuuliza anatoka wapi, ukoo gani, mvua ilinyesha vipi. Mzee mmoja mchongaji wa twiga, ambaye amekuwa pale zaidi ya miaka thelathini, alitusimulia asili ya kazi yenyewe jinsi wao wanavyosimuliana. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Mutisya Munge wa Wamunyu alifika upande wa Tanganyika, akajifunza uchongaji kwa Wazaramo, na aliporudi nyumbani akaendelea kuchonga na kuwafundisha wengine. Kutoka Wamunyu kazi ikaenda Nairobi, ikaja pwani. Kwa hiyo mtalii anayenunua twiga wa "Kikamba" ananunua pia kitu cha Uzaramo. Mzee yule alilisema hilo bila kusitasita na kwa heshima, kama mtu anayemtaja mwalimu wa babake.

Mama aliuliza maswali ambayo mimi nisingeyawazia. Ubao mbichi au mkavu? Mbichi, maana mkavu unavunja makali. Kisha mnazuiaje usipasuke? Mchongo ukishatoka umbo, huachwa kivulini, umefunikwa, ukauke polepole. Ukianikwa juani utapasuka tumbo siku hiyohiyo. Nani anapiga msasa? Mara nyingi ni mtu mwingine: vijana na akina mama, msasa wa kukwaruza kwanza, halafu wa laini, halafu rangi au nta. Anayechonga twiga mara nyingi huchonga twiga maisha yake yote. Jirani yake anachonga vifaru. Wa tatu anatengeneza vijiko vya saladi, na huyo ndiye mwenye mauzo ya haraka.

Tuliongea sana kuhusu miti, na hapa nataka nieleze kwa kituo kwa sababu wanunuzi wengi hudanganywa. Zamani mti uliotakiwa ulikuwa muhugu, na kwa kazi nyeusi, mpingo. Yote miwili ni migumu, ina uzito, inang'aa ikisuguliwa, na inakua taratibu mno. Muhugu umekatwa sana, hata ile iliyobaki katika msitu wa Arabuko-Sokoke, Kilifi, inahitaji kulindwa. Siku hizi wengi wamehamia kwenye mwarobaini na mwembe mzee usiozaa tena, miti inayopandwa shambani na kukua haraka. Mchongo wa mwarobaini una rangi ya kahawia yenye mistari, na mimi nauona mzuri kuliko weusi wa kupakwa. Maana weusi wa kupakwa upo: mti mwepisi unapigwa rangi ya viatu, unauzwa kwa jina la mpingo. Mzee akatuonyesha namna ya kujua. Uinue, mpingo ni mzito kuliko unavyotazamia. Ugeuze, ukwaruze kidogo chini ambako hakuonekani. Ukiona weupe, umeshajua. Na mpingo wa kweli ukiutia majini, unazama.

Kwenye duka la ushirika kila kitu kina kibandiko chenye nambari ya mwanachama. Kikiuzwa, nambari inaonyesha alipwe nani. Mama alishika bakuli la mwarobaini, akasoma nambari, akatoka nje nalo kumtafuta mwenyewe. Mwenye duka alimfuata kwa wasiwasi mpaka alipoelewa. Aliyelichonga alikuwa kijana wa miaka kama ishirini na mitano, amekaa banda la nyuma.

"Umelifanya kwa siku ngapi, mwanangu?"

"Siku tatu, mama. Na nusu ya nne."

Akarudi dukani akalipa bei iliyoandikwa, bila kupunguza hata shilingi. Mimi nilikuwa nimeanza kusema kwamba pale panapunguzwa. Alinitazama tu. Tulipotoka nje akaniuliza, kwa Kikamba, mimi nikifanya kazi siku tatu na nusu ofisini nalipwa pesa ngapi. Nilipiga hesabu. Sikupata jibu la kumpa ambalo lingelingana na bei ya bakuli.

Mchana tuliingia mjini. Tulipita chini ya pembe za ndovu za Moi Avenue, zile za mabati ya alumini. Watu wanapiga picha, nasi tulipiga. Marikiti tulinunua iliki na mdalasini, na mabuyu mekundu ya sukari. Mama aliposikia kwamba sehemu ya mabuyu hayo hutoka Makueni na Kitui alichukua pakiti tatu. "Yametoka kwetu, nayarudisha kwetu," akasema.

Kisha Biashara Street, barabara ya leso. Bara tunaziita kanga. Mombasa ukisema leso ndipo unaeleweka haraka. Maduka yamepangana, doti zimetundikwa hadi dari, na kwenye leso nyingi utasoma K.H.E. Mali ya Abdulla, alama ya duka la mtaani hapo lililoanzishwa 1887. Jina lenyewe, leso, ni Kireno, maana yake kitambaa cha mkononi, kwa sababu za kwanza zilishonwa kwa kuunganisha vitambaa hivyo. Leso ina pindo, ina mji, yaani sehemu yake ya katikati, na ina maneno yake. Mama hakuangalia rangi kwanza. Alinitaka nimsomee maneno. Nikasoma ishirini na kitu, muuzaji akivuta moja moja kwa subira, naye akikataa: hii ya mafumbo ya wake wenza, hapana, hii ya mapenzi, hapana. Akachagua Mgeni Njoo Mwenyeji Apone, kijani na nyeusi. Fundi aliyekaa barazani na cherehani yake akaikata doti na kuipinda palepale, dakika tano.

Jumapili

Hii ndiyo siku niliyotaka kuiandika tangu mwanzo.

Tulianza Mji wa Kale mapema, kabla jua halijakolea. Fort Jesus tulizunguka kwa nje na kukaa ndani muda wa saa moja hivi. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, Waomani wakaitwaa 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu, Waingereza wakaifanya gereza, na tangu 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kuta zake ni za matumbawe, na mama alizigusa kila tulipopita. Kilichomshika lakini ni milango ya nyumba za nje. Milango ya Mji wa Kale imechongwa maua na minyororo kwenye fremu, na katikati kuna mfaa, ule mti wa wima unaofunika pale mbao mbili zinapokutana. Alihesabu majani ya ua moja, akahesabu la upande wa pili, yakalingana. "Huyu alikuwa anahesabu kama sisi," akasema. Msukaji wa kiondo akikosea hesabu ya nyuzi mstari wa tatu, nakshi yote ya juu itakwenda upande.

Barabara kuu ya pale inaitwa Ndia Kuu. Wanafunzi wangu wa Nairobi wakiona jina hilo hudhani limekosewa tahajia. Hapana. Ni Kimvita, Kiswahili cha wenyeji wa Mombasa, ambacho husema ndia badala ya njia, ndoo badala ya njoo, mato badala ya macho, kitwa badala ya kichwa. Ndicho Kiswahili alichotungia Muyaka bin Haji mashairi yake karne ya 19. Mimi nafundisha Kiswahili sanifu kwa mapenzi yote, lakini kila nikipita Ndia Kuu nasikia kwamba lugha hii ina nyumba ya zamani kuliko darasa langu.

Kwenye duka moja la vitu vya sanaa, ambalo jina lake nitaliacha, tulikuta viondo. Vilikuwa vimetundikwa mlangoni, vimetiwa mikanda ya ngozi na vifungo vya shaba. Mama alishusha kimoja. Akaingiza mkono ndani, akapapasa kitovu cha chini pale kiondo kinapoanzia, akafuata mzunguko kwa kidole.

"Hiki ni cha mkono," akasema. "Uzi umesokotwa pajani. Hiki nacho," akagusa cha pili, "uzi wake ni wa mashine, ila msuko ni wa mkono." Akafika cha tatu, akakirudisha bila neno. Kilikuwa cha nyuzi za nailoni, kila safu sawasawa na mwenzake.

Bei ya vyote vitatu ilikuwa moja, shilingi 3,500. Nilimuona akihesabu. Cha namna ile ya kwanza, kabla ya mkanda, yeye humuuzia mnunuzi wa Wote kwa shilingi 600, na kinamchukua wiki mbili akiwa na mbuzi na shamba. Nauli ina gharama yake, ngozi ina gharama yake, kodi ya duka Mji wa Kale si ndogo. Hayo nayajua na mama anayajua. Lakini pengo lile ni kubwa mno. Nililisema dukani kwa sauti, tena kwa hasira. Kijana wa duka hakuwa na kosa, ni mwajiriwa, na alinijibu kwa adabu kwamba bei hupangwa na mwenye mali. Mama akanivuta mkono. Kabla hatujatoka akamwambia kijana, "Mwanangu, mteja akikuuliza, mwambie hiki cha kwanza kimesukwa na mwanamke aliyekaa chini wiki mbili. Cha mwisho usimwambie hivyo." Kijana akasema, "Sawa, mama. Nimesikia." Na akakihamisha kile cha nailoni, akakiweka rafu nyingine mbele ya macho yetu.

Tulikata kichochoro kutafuta kivuli, na hapo barazani alikuwa amekaa bibi mmoja, buibui amelikunja magotini, mbele yake fungu la ukindu mkavu, mwekundu na wa rangi yake ya asili. Vidole vyake vinakwenda, macho yanatazama watoto wanaocheza.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hamjambo? Ndooni, ketini kitako. Jua hili si la kusimamia."

Mama akaketi. Wala hakusalimia kwa maneno mengi. Alitoa kiondo chake kwenye begi, akakiweka mapajani, akaendelea alipokuwa ameachia asubuhi. Bibi akakitazama. Wakafanya kazi hivyo, kila mmoja na yake, labda dakika tano, bila mtu kusema. Mjukuu wa bibi akatuletea kahawa chungu na vipande vya halua.

"Mbona wewe waanza na kati?" bibi akauliza mwishowe.

Mama akamwonyesha. Kiondo huanza kitovuni, nyuzi chache zimefungwa pamoja, kisha unazungusha nyuzi mbili zinazobana kila uzi wa wima, na kila kinapopanuka unaongeza nyuzi. Chote kinatoka kitu kimoja, hakina mshono hata mmoja. Bibi akashangaa kwa hilo la mshono. Kwake yeye kazi ni mbili. Kwanza unasuka ukili, utepe mrefu wa ukindu, upana wa vidole vitatu au vinne, unaoupima kwa pima, mikono ikinyooshwa. Pima zikitosha ndipo unashona, utepe kwa utepe, mpaka mkeka utimie. Ukindu wenyewe hukatwa ukiwa mchanga, ukaanikwa, ukachemshwa na rangi, ukaanikwa tena, ukachanwa kwa ukucha. Kwa majamvi ya kazi nzito hutumia miyaa, hiyo ni migumu kidogo, lakini mkeka wa kumtandikia bwana harusi ni ukindu na si kingine.

"Na mkeka mmoja siku ngapi?" mama akauliza swali lake.

"Mkubwa? Mwezi, na mwezi wa pili ukiugua. Sasa mato yangu hayaoni uzi wa sindano, mjukuu ndiye ashona."

Lugha zao hazikukaa sawa kila mahali. Bibi alisema ndia, mama akasikia njaa, wakacheka mpaka bibi akashika mbavu. Nilitaka kuingilia nitafsiri, nikaona hawanihitaji. Mikono ilikuwa imeshaelewana kabla yangu. Bibi alichukua kiondo akajaribu mstari mmoja. Ukalegea, akaufumua mwenyewe, akaufanya upya. Mama akapewa majani sita ya ukindu yaliyofungwa ncha. Alishika kwa nguvu za mtu wa mkonge, na ukindu ukakatika.

"Polepole, dadangu. Huu si wa kuvuta. Huu ni wa kulaza."

Tulikaa pale saa tatu. Fort Jesus ilipata saa moja, baraza lile likapata saa tatu, na ningepewa kupanga upya ningepanga hivyohivyo. Mama alinunua mkeka wa swala kwa bei aliyotaja bibi, bibi naye akakataa pesa ya kawa la kufunikia chakula, akasema hilo ni zawadi. Mama akafungua begi akatoa kiondo kidogo alichokuwa amekileta, naamini, ili akiuze. Akakiweka mapajani mwa bibi. "Cha kutilia ukindu," akasema.

Usiku chumbani hakusuka. Alilala na feni ikiwa imezimwa kwa sababu inarusha nyuzi.

Jumatatu

Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini. Treni ikaondoka Miritini saa mbili asubuhi. Kutoka Mariakani mnazi unapungua, michongoma inaanza. Mama alikuwa na fungu la ukindu alilopewa na bibi, limefungwa kwa gazeti na kuloweshwa kidogo lisikauke, na ukili ulioanzwa na bibi, kiasi cha shubiri moja. Aliusuka Miasenyi. Aliusuka Voi. Karibu na Mtito Andei aliufumua wote aliousuka yeye, akabakisha shubiri ya bibi, akaanza tena.

"Jani la nne linapita chini au juu?" akaniuliza. Sikujua. Akanitaka nimpigie simu mjukuu wa bibi, ambaye nambari yake alikuwa ameniandikisha bila mimi kujua ni ya nini. Mtandao ulikatika mara mbili Tsavo, lakini Kibwezi tukampata, na bibi akaja kwenye simu mwenyewe. Nikaweka sauti ya juu. Behewa zima lilisikia: chini, dadangu, chini, halafu uligeuze.

Alishuka Emali baada ya saa sita mchana, mkeka kwapani, kawa kichwani. Kutoka dirishani nilimwona akitafuta kivuli cha kungojea gari la Wote. Alikipata, akaketi, akafungua gazeti.